Mshubiri Bustanini: Mmea Usioogopa Kiangazi

Wasomaji wetu wengi waujua mshubiri kwa uchungu wake tu. Mama amwachishapo mtoto ziwa hupaka shubiri, na mtu aliyepatwa na jambo zito husema kwamba ni chungu kama shubiri. Lakini ni wachache waliopata kuufikiria kuwa mmea wa bustani. Twapenda kueleza tabia yake na jinsi ya kuupanda, maana katika nchi kame bustani nyingi hufa miezi ya jua, na huku mishubiri ya porini yang'olewa pasipo kupandwa mingine.

Kwanza tulitazame umbo lake. Majani ni manene, yenye miiba pembeni, nayo yamelizunguka shina fupi mfano wa ua la waridi lililofunguka. Mpango huo una maana. Kila jani ni kama mfereji: mvua kidogo iangukayo juu yake hutiririka hadi shinani, penye mizizi. Ndani ya jani mna ute uliojaa maji, nao ndio ghala ya mmea wakati wa ukame. Tena, mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na kwa hiyo hupoteza maji mengi juani. Mshubiri hufungua vyake usiku, wakati wa baridi, na mchana hupunguza sana kupotea kwa maji yake.

Mkonge nao una umbo kama hilo, ingawa asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikawa chanzo cha mashamba makubwa ya mkonge ya Tanganyika. Tofauti ni kwamba mkonge hutoa mlingoti wa maua mara moja katika maisha yake, kisha hufa. Mshubiri huweza kuchanua miaka mingi, na nyuki na ndege wa chozi huyafuata maua yake.

Sasa kupanda. Chagua mahali penye jua ambapo maji hayatuami. Kama udongo ni mfinyanzi, inua tuta na kuchanganya mchanga na kokoto. Aina nyingi huzaa machipukizi kando ya mama. Yachimbue polepole, uyakate kwa kisu kikali, kisha uyaweke kivulini siku nne au tano hata kidonda kikauke. Wengi hukosa hapa: hupanda siku ile ile na kumwagilia maji tele, na kidonda kibichi huoza. Panda kwa nafasi ya futi mbili, wala usitie maji juma la kwanza. Baadaye, wakati wa kiangazi, mwagilia mara moja kwa majuma mawili au matatu. Majani yakigeuka mekundu kwa jua kali, usidhani ni ugonjwa. Yakilegea na kuwa laini chini, jua kwamba maji yamezidi. Ukiona wadudu weupe wameganda juu ya majani, wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Penye mteremko, panda mistari ya kukingama, ili mishubiri isaidie kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Yafaa tutoe maonyo pia. Chini ya ngozi ya jani mna utomvu wa manjano. Huo ndio shubiri yenyewe, nao huharisha kwa nguvu. Mwanamke mwenye mimba asiunywe, wala mtoto asipewe. Mmea ukitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mshubiri. Jihadhari usiingie machoni, maana huweza kudhuru vibaya. Wafugaji wengi hutia majani ya mshubiri katika maji ya kuku. Desturi hiyo isishike mahali pa chanjo, kwa kuwa kideri hukingwa kwa chanjo.

Jambo la mwisho lawahusu hasa wakuu wa vijiji na waalimu. Mshubiri wa porini hukua polepole, na ukichimbwa na mizizi yake, mahali pale hubaki patupu. Ndiyo sababu nchini Kenya, mwaka 1986, amri ya Rais ilikataza kuvuna mishubiri ya mwituni kwa biashara. Kadhalika mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973 husimamia biashara ya mishubiri kutoka nchi hata nchi, isipokuwa ile aina ijulikanayo sana, Aloe vera, ambayo asili yake ni Arabuni. Lakini amri peke yake hailindi pori. Mwenye mshubiri uani kwake hana haja ya kwenda na jembe porini. Kwa hiyo twashauri kila shule ipande safu moja kando ya njia, na machipukizi yakizidi, wanafunzi wayachukue kwao. Gharama yake ni kazi ya asubuhi moja tu, na wazee walikwisha kusema kwamba akiba haiozi.