Mawimbi Yapitayo Katika Mwamba

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mnaijua Mwakitolyo, upande wa Shinyanga, ambako watu hushuka katika maduara kutafuta dhahabu. Leo twataka kueleza kwa nini yafaa mtu aliyefukiwa humo agonge mwamba kuliko kupiga kelele.

Tuanze na kamba ya duara. Fungeni ncha moja katika mti, shikeni ya pili, mkaitikise juu na chini. Mtaona kivimbe kikikimbilia mti, lakini kamba yenyewe haikuhama. Kila sehemu ilipanda na kushuka mahali pake tu. Hilo ni wimbi la kukingama, maana mwendo wa kamba waikata njia ya wimbi. Sasa wapangeni watoto kumi mstarini, kila mmoja ameshika mabega ya mwenziwe, mkamsukume wa nyuma polepole. Msukumo utafika mbele, na kila mtoto atayumba mbele akarudi. Hilo ni wimbi la msukumo, na sauti tusikiazo hewani zote ni za namna hiyo.

Mwamba hupitisha aina zote mbili, kwa kuwa chembe zake zimeshikana: moja ikivutwa kando, jirani yake huvutwa pia. Maji na hewa hazishikani hivyo, basi ndani yake hupita msukumo peke yake. (Viwimbi tuvionavyo juu ya ziwa ni habari nyingine, hivyo uzito wa maji ndio uvirudishao chini.)

Mtu akipiga kelele chini, sauti yake huenda hewani mita 340 hivi kwa sekunde, hufika ukutani, na karibu yote hurudi ilikotoka. Kidogo mno huingia katika jiwe. Lakini akigonga kwa nyundo, wimbi huzaliwa ndani ya mwamba wenyewe, na katika jiwe gumu laweza kwenda zaidi ya mita 4,000 kwa sekunde. Aliye ng'ambo akitega sikio ukutani aweza kulisikia. Ila na achague ukuta mzima. Kifusi kimejaa nafasi za hewa, na wimbi hufifia humo upesi.

Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kwa hiyo watafutaji wasikate tamaa mapema. Na wazime mashine, watu wote wanyamaze, wasikilize. Naye aliye chini apige mapigo matatu, anyamaze, apige tena matatu. Hayo hutambulikana, kwa kuwa mawe yaangukayo hayana utaratibu huo.