Bujumbura ya Kesho Inaanzia Isare

Picha za miji ya kesho zimeshazoeleka: maghorofa yaliyovikwa miti, bustani juu ya mapaa, mito safi inayokatiza barabara zisizo na magari, watoto wakicheza chini ya paneli za sola. Mjini Milano, Italia, picha ya namna hiyo ilishageuka jengo. Minara miwili ya Bosco Verticale, kazi ya msanifu Stefano Boeri, ilikamilika mwaka 2014 ikiwa na miti ipatayo 800 kwenye roshani zake. Inapendeza machoni, na sina ugomvi nayo. Lakini ukiichukua picha hiyo ukaileta Bujumbura utakuta haisemi lolote kuhusu jambo ambalo mji huu unahitaji kulijua kuliko yote, nalo ni mvua inakotoka na inakoelekea.

Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake milima ya Mirwa inapanda ghafla. Ukiifuata barabara ya taifa namba 1 kuelekea Bugarama, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, umeshapita mita 2,000 na baridi imeshakushika. Mvua inayonyesha huko juu haina njia nyingi za kufika ziwani, na njia zake zinapita mjini au kandokando yake: Mutimbuzi, Nyabagere, Gasenyi, Ntahangwa, Muha, Kanyosha. Wakati wa kiangazi Ntahangwa ni kijito ambacho mtu anakivuka kwa kukunja suruali. Masika ni habari nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji yenye matope na mawe yalishuka kutoka milimani yakavamia mitaa ya kaskazini, Gatunguru na Kamenge miongoni mwake. Watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu wakabaki bila makazi. Mvua ile ilidumu saa chache tu.

Upande wa pili kuna ziwa lenyewe, nalo lina historia ambayo wapangaji wa mji hawapendi kuikumbuka. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Msafiri Stanley alipofika hapo mwaka 1876 alikuta mdomo huo umezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye maji yalikisukuma kizibo hicho, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ile, ziwa lilikuwa limeshajivuta. Kwa maneno mengine, mji ulizaliwa katika kipindi cha maji madogo, ukaamini kwamba ufuo ule utabaki pale pale. Katika miaka ya 1960 ziwa lilipanda sana, kisha likashuka, na watu wakasahau. Tangu 2020 limepanda tena. Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, imezama mara kadhaa kati ya ziwa na mto Rusizi, na mwezi Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya watu zaidi ya laki mbili walioathirika na mvua nchini.

Basi mji umebanwa, mlima huku na ziwa kule. Sensa ya 2008 ilihesabu watu karibu 497,000. Leo makadirio yanazungumzia zaidi ya milioni moja, na wengi wa walioongezeka wamejenga mahali ambapo ardhi ni rahisi, yaani ukingoni mwa korongo au bondeni. Serikali ina dira yake ya maendeleo ya 2040 na 2060, na dira haina ubaya. Swali langu ni wapi kazi ianzie. Jibu langu ni kwamba ianzie Isare, tarafa ya wakulima iliyo juu ya mji, ambayo haimo katika picha yoyote ya maghorofa ya kijani.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Maji yanayobomoa nyumba mjini hayaji peke yake, yanakuja na udongo. Mteremko uliolimwa bila kinga hauyapi maji nafasi ya kuzama; yanakimbia juu juu, yakichota udongo njiani, na kadiri yanavyozidi kuwa mazito ndivyo yanavyozidi kuwa na nguvu ya kung'oa mawe. Mkulima akichimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, yaani unaokatiza mteremko badala ya kushuka nao, akapanda majani ya tembo kwenye tuta la chini, maji yanasimama mtaroni na kuzama taratibu. Majani yanashika udongo kwa mizizi, kisha yanakatwa kulisha mbuzi au ng'ombe, samadi inarudi shambani. Baada ya misimu michache udongo uliokwama unajaza nyuma ya tuta na mteremko unajigeuza kuwa ngazi. Hakuna mashine hapo. Kuna jembe, na kuna sababu ya mkulima kuendelea kulishika, kwa kuwa shamba lake linazaa zaidi. Mradi wa kurejesha ardhi uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2018 ulichagua Isare kuwa moja ya maeneo yake, na mpango wa taifa wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, ulianza mwaka huo huo. Nina neno moja tu juu ya miti: mikaratusi iliyopandwa peke yake kwenye mteremko, chini pakiwa patupu bila jani wala takataka za kuoza, hailindi udongo kama watu wanavyodhani. Mlima unaoonekana wa kijani kwa mbali unaweza kuwa unamomonyoka chini kwa chini.

Tukishuka mjini tunakutana na makorongo. Nenda ukingo wa Ntahangwa siku yoyote ya jua, utawakuta vijana wenye sepetu ndani ya mto wakichota mchanga na kuulundika, wengine wakiponda mawe kwa nyundo, lori likisubiri. Mchanga huo ndio unaojenga mji. Juu yao ukingo umekatika wima, na unaweza kuhesabu matabaka ya udongo, kokoto na mchanga. Kwenye kilele kuna ukuta wa nyumba ulionusurika, sakafu yake nusu ipo na nusu imeondoka. Mambo hayo mawili yanahusiana. Mchanga ukitolewa kuliko ule unaoletwa na maji, kitanda cha mto kinashuka, na kingo zinabaki ndefu zisizo na pa kuegemea. Hata ukuta wa zege au makasha ya waya yaliyojazwa mawe yakijengwa leo, kitanda kikishuka mita moja ukuta unaning'inia na masika inayofuata unalala chali. Ndiyo maana kila mara fedha zinamwagwa kwenye kingo na kila mara kingo zinaporomoka. Wale vijana si wa kulaumiwa, wanakula kwa jasho lao. Lakini mji unaotaka kuishi na mito yake unapaswa kuamua mchanga utolewe wapi, kiasi gani, na hao wachimbaji walipwe kwa kazi ipi nyingine. Kutengeneza kingo na kupanda mianzi kunahitaji mikono ile ile.

Singapore walikuwa na tatizo la aina hii kwa sura nyingine. Mto Kallang ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege. Katika bustani ya Bishan–Ang Mo Kio walivunja zege hilo, mfereji wa kilomita 2.7 ukawa mto wa kilomita 3.2 unaopindapinda katikati ya nyasi, na kazi ikakamilika mwaka 2012. Siku za kawaida watu wanatembea hadi kwenye maji. Mvua kubwa ikija bustani yenyewe inageuka mto, king'ora kinalia, watu wanaondoka, na baada ya muda maji yanapungua. Bujumbura haina fedha za Singapore, na miteremko yake ni mikali zaidi. Ila kanuni ni ile ile: mto upewe upana wake, na upana huo utumike kwa mambo yasiyoua mtu ukifurika. Uwanja wa mpira unafaa, bustani ya lengalenga inafaa. Chumba cha kulala hakifai.

Kule chini ziwani sehemu ya kazi imeshafanyika bila kuitwa kwa majina makubwa. Katika mtaa wa Buterere kuna mabwawa ya majitaka ambamo uchafu unasafishwa kwa jua, mwani na muda. Wapenda ndege wanayajua mabwawa hayo kuliko wakazi wengi wa mji. Hifadhi ya Rusizi, kilomita chache kutoka katikati ya mji, ina matete na mikoche inayopokea mafuriko na kuchuja matope kabla hayajafika kwenye mazalia ya samaki. Tangu 2002 imeorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Viboko wake hutoka usiku na kula kwenye nyasi za watu. Wageni hushangaa, wenyeji hubadilisha njia. Na sheria ya maji ya 2012 iliweka mita 150 kutoka ziwani ambazo hazipaswi kujengwa. Ukitembea ufukweni ukapima kwa macho tu, utaona jinsi mita hizo zilivyoheshimiwa na wenye uwezo.

Nyumba zenyewe nazo zina nafasi yao. Bujumbura hupata mvua ya milimita 800 hivi kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 50, la kawaida kabisa katika mtaa wa Buyenzi, linapokea lita zipatazo 40,000 kwa mwaka. Leo karibu zote zinamwagwa mferejini na kuongeza mafuriko kwa jirani wa chini, huku mabomba yakikauka mara kwa mara. Kila ua ukiwa na tangi na shimo la kuzamisha maji, mtaa mzima ungepunguza kishindo cha mvua, na gharama yake si ya kutisha. Kuhusu ujenzi, mfano bora nchini hauko mjini bali Muyinga, kaskazini mashariki, ambako wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels walishirikiana na mafundi wa hapo kujenga maktaba mwaka 2012. Kuta ni za matofali ya udongo wa papo hapo, yaliyoshindiliwa bila kuchomwa. Boriti ni za mkaratusi, vigae vimetengenezwa kule kule, na upande mmoja kuna baraza ndefu inayoshusha joto. Ndani umening'inizwa wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto wanalala humo na kusoma. Tofali lisilochomwa ni kuni zilizobaki mlimani. Hapo jengo na mteremko wa Isare vinakutana.

Lakini hakuna hata moja kati ya haya linalokwenda bila kujibu swali la ardhi, na hapo ndipo ndoto nyingi za miji ya kijani hukwama. Mwingereza Ebenezer Howard alipoandika mwaka 1898 juu ya mji wa bustani, kiini cha hoja yake kilikuwa ardhi imilikiwe na jamii nzima, ili thamani yake inapopanda faida iwarudie wakazi. Dunia ikachukua bustani ikaacha umiliki. Kwetu Afrika ya kikoloni ilifanya vibaya zaidi: Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Wabelgiji waliweka ukanda mtupu kati ya mitaa ya Wazungu na ya Waafrika, uwazi ukawa ukuta. Usumbura nayo ilikuwa na bustani zake upande mmoja na mitaa ya kubanana, Buyenzi na Bwiza, upande mwingine. Kwa hiyo mtu wa Buyenzi akisikia kwamba kando ya mto patakuwa eneo la kijani, ana haki ya kuuliza: la nani?

Majirani wanatoa mafunzo mawili. Kigali ilifungua bustani ya Nyandungu Julai 2022, hekta 121 za ardhioevu iliyokuwa imeharibika. Ni kazi nzuri, watu wanatembea, maji yanachujwa, ila mlangoni pana kiingilio. Dar es Salaam, Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2022 dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi, na tangu mwanzo mjadala mkubwa wa Jangwani, mtaa ulio katika bonde hilo, umekuwa fidia: nani alipwe, kiasi gani, aende wapi. Michoro ya bustani ilikuwa rahisi kuliko maswali hayo.

Niongeze jambo dogo linalonikera. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura kwa hoja ya usalama barabarani. Miji ya Ulaya inatumia mabilioni kuwarudisha watu kwenye baiskeli. Sisi tulikuwa nazo, zimebeba ndizi na abiria bila tone la petroli, tukazifukuza. Nchi inayopanga foleni za mafuta kwa miezi haikuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Wahandisi wanajua la kufanya na wakulima wa Isare wanajua zaidi. Kinachokosekana ni hesabu inayomlipa mkulima kwa udongo anaouzuia usishuke mjini, inayompa aliye ukingoni mwa korongo kiwanja kingine chenye hati, na inayomgusa mwenye hoteli ndani ya zile mita 150 sawasawa na mwenye kibanda. Kwa hiyo, msomaji, siku ukioneshwa mchoro wa Bujumbura ya 2060 wenye miti mingi, usiulize miti ni ya aina gani. Uliza fidia imeandikwa ukurasa wa ngapi.