Je, Wajua? Ziwa lipo mlangoni, klorini inakuja na meli

Anayeishi juu ya miamba ya Mabatini, Mwanza, hulitazama Ziwa Victoria kutwa, lakini tone haliwezi kumpandia bila pampu. Na pampu, dira za maji, vali na klorini ya kuulia vijidudu kwa sehemu kubwa hununuliwa ng'ambo. Hushushwa Dar es Salaam, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi ziwani.

UVIKO-19 uliukaba mnyororo huo. Mwaka 2019 kontena la futi 40 lilisafirishwa kwa chini ya dola 2,000 katika njia kuu za dunia. Septemba 2021 wastani ulivuka dola 10,000. Shaba, inayosukwa ndani ya mota ya pampu, ilifika dola 10,000 kwa tani Mei 2021. Mabomba ya plastiki nayo yalipanda bei: baridi kali ya Texas, Februari 2021, ilisimamisha viwanda vya malighafi yake. Nani kule Igoma, Mwanza, angedhani theluji ya Marekani inamhusu?

Ubaya ni kwamba mahitaji ya maji yalipanda wakati huohuo. Ndoo za koki za kunawia mikono zilipangwa milangoni mwa maduka, stendi na shule, na kila ndoo ilitaka kujazwa.

Juni 2021, nauli za meli zikiwa bado zinapanda, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la chanzo kipya cha maji cha Butimba, Mwanza, cha lita milioni 48 kwa siku.