Punguzo juu ya punguzo: nani alifaidi?

Majuzi niliwapa wanafunzi wangu swali la hesabu kutoka Uingereza. Mnamo Agosti 2020, mikahawa ikiwa imedorora kwa sababu ya Korona, serikali ya huko ilijitolea kulipa nusu ya gharama ya chakula, Jumatatu hadi Jumatano, mradi isizidi pauni 10 kwa kila mlaji. Pombe haikuhusishwa. Isitoshe, mlaji aliruhusiwa kutumia pia punguzo la mkahawa wenyewe.

Basi mlo ukiwa wa pauni 16, na mkahawa upunguze asilimia 25, mlaji alilipa ngapi? Takriban darasa zima lilijumlisha 25 na 50, likajibu pauni 4. La hasha! Punguzo la mkahawa lilitangulia, zikabaki pauni 12. Ndipo serikali ikalipa 6 na mlaji 6. Bila ya ukarimu wa mkahawa, kila mmoja angalilipa 8. Kwa hivyo, kati ya pauni 4 alizosamehe mwenye mkahawa, 2 zilimfaidi mlaji, na 2 zikabaki katika hazina ya serikali, ambayo haikuwa na njaa.

Mpango mzima uligharimu takriban pauni milioni 849.

Msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, na asiyekuwa na hizo pauni 6 je?"

Nilimweleza kwamba Oktoba mwaka uo huo wabunge 322 dhidi ya 261 walikataa hoja ya kuwalisha watoto maskini wakati wa likizo za shule, ijapokuwa Novemba serikali ililegeza msimamo ikatenga fedha. Alikuwa angali amesimama kengele ilipolia.