Magari ya Kale na Barabara Zilizoyapa Sifa

Katika miji mingi ya dunia wapo watu ambao, ifikapo mwisho wa juma, huyatoa magari yao ya spoti yaliyoundwa miaka hamsini au sitini iliyopita, wakakutana uwanjani, wakafunuliana injini na kuulizana habari za vipuri, kisha asubuhi ya pili wakafuatana kwenda mashamba kwa safari ya siku nzima. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lililoasisiwa mwaka 1966, limeweka kanuni kwamba gari halistahiki jina hilo mpaka litimize miaka 30, tena liwe limehifadhiwa katika hali yake ya asili na lisiwe chombo cha kwendea kazini kila siku. Mtu aweza kudhani kuwa huo ni mchezo wa matajiri wa Ulaya usiotuhusu sisi wa Shangani, Mtwara. Lakini kwa hakika baadhi ya magari yanayoenziwa mno huko yalipata heshima yao katika vumbi na matope ya Afrika ya Mashariki, na wanaoyapenda wanalijua jambo hilo kuliko sisi wenyewe.

Heshima hiyo waliipata katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapitia Kenya, Uganda na Tanganyika katika njia zilezile zilizopitwa na malori ya pamba na ng'ombe wa wafugaji. Baadaye yakahamishiwa siku za Pasaka, msimu ambao masika huifanya barabara kuwa mto, na adhabu ya majira hayo ilionekana mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ambapo katika msafara mzima yalifika mwisho magari 7 tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, na miaka miwili iliyofuata ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404, gari la aina ileile lililokuwa likibeba abiria na magunia katika miji yetu.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Björn Waldegård wa Sweden. Mwaka 1974 alishika nafasi ya pili kwa Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh, na ingawa baadaye alishinda mara nne kwa magari ya kampuni nyingine, Porsche ile ilibaki haijapata taji la Safari. Ndipo mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, akarudi na 911 katika mashindano ya magari ya kale, mwanawe Mathias akiwa kando yake akimsomea njia, akashinda. Mashindano hayo ya kale yaliasisiwa mwaka 2003, aghalabu huanzia pwani ya Kenya, na mara kadhaa yamevuka mpaka hadi Arusha. Kwangu mimi huo ndio uthibitisho kwamba gari la kale halihifadhiwi kwa kufunikwa turubai: huhifadhiwa kwa kuendeshwa, na mikono ijuayo kulitengeneza.

Na mikono hiyo ndiyo hazina. Chukua Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 na 1973: injini yake ya silinda sita hulishwa na kabureta mbili, ambazo sharti zivute hewa kwa kadiri moja, la sivyo gari hukohoa na kula petroli. Fundi mzee hahitaji kompyuta. Hushika kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na ya pili kinywani mwa kabureta, akasikiliza mvumo. Akahamia ya pili, akasikiliza tena. Akageuza skrubu taratibu mpaka sauti mbili zikalingana. Elimu hiyo haimo katika magari ya leo, na fundi aliye nayo akifariki bila mwanafunzi imekwenda naye.

Ama ile safari ya Jumapili niliyoitaja mwanzoni, kwa vyama vingi vya magari ya kale, si mbio. Kila gari huwa na dereva na msoma njia, na hupewa daftari lenye umbali na kona pamoja na muda uliokadiriwa kati ya kituo na kituo. Anayechelewa hukatwa alama, na anayewahi naye hukatwa vilevile. Hivyo mwenye injini kubwa hana fadhila juu ya mwenye ndogo, na msoma njia makini aweza kumshinda dereva hodari.

Kusini yetu ya Tanzania ilichelewa kufikiwa na mambo haya kwa sababu iliyo wazi: Mto Rufiji. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mwaka uleule wa kuanza mashindano ya magari ya kale, kuvuka kulitegemea pantoni, na masika yaliweza kuikata Mtwara na nchi nzima. Kizuizi hicho hakipo tena, nami naona njia nzuri ya mashindano imelala mlangoni petu. Magari yangeondoka Shangani alfajiri, yakapita Mikindani kando ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, yakafuata lami hadi Ndanda na Masasi. Kisha yakapanda Newala, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, ambako bonde la Ruvuma huonekana lote chini, yakarejea kwa Tandahimba. Kutoka Masasi kwa Newala hadi Mtwara ni kilomita 210, na sehemu kubwa yake kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe na mchanga, barabara hasa ya kupima ustadi. Mwandalizi azingatie mambo mawili: maji ni haba uwandani, basi kila gari libebe yake ya rejeta, na siku asiziweke katika msimu wa korosho, malori yanapoijaza njia. Yakirudi, magari yaoshwe chini kwa maji baridi kabla ya kulala, kwani chumvi ya bahari hii hula bati upesi.