Joto la Baada ya Mvua Halitokani na Ikwinoksi

"Ikwinoksi inaanza lini?" Kila Februari inapokaribia kwisha naulizwa swali hilo, na kila mwaka linanichosha zaidi. Huuliza walimu, wauguzi, mafundi, hata waandishi wa habari ambao kazi yao ni kuhakikisha jambo kabla ya kulieneza. Chanzo chake ni ujumbe mmoja unaozunguka kwenye simu: kwamba kwa siku tano zijazo jua litakaa juu kabisa ya ikweta, joto litafika nyuzi 40, watu wasitoke ndani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, waweke mshumaa nje ili kupima hatari, na kila chumba kiwe na ndoo yenye maji nusu. Ujumbe huo umezunguka Malaysia, umezunguka Kenya na kwetu Tanzania umefika, maneno yakiwa yaleyale. Haukutoka kwa mamlaka yoyote ya hali ya hewa.

Tuanze na jua lenyewe. Ikwinoksi huangukia tarehe 20 au 21 Machi, na tena tarehe 22 au 23 Septemba. Ni kweli kwamba siku hizo jua hupita juu ya ikweta. Lakini Dar es Salaam haiko kwenye ikweta. Iko karibu nyuzi 7 kusini yake. Jua la utosi hupita Dar es Salaam mnamo tarehe 3 Machi na kurudi mnamo tarehe 10 Oktoba. Mombasa hulipata karibu tarehe 10 Machi. Kwa hiyo ujumbe unapokutisha kuhusu tarehe 20 Machi, jua la utosi limeshakupita kwa wiki mbili na zaidi, nawe hukuona ajabu yoyote.

Hukuona kwa sababu hakuna cha kuona. Jua likipungua nyuzi 7 kutoka utosini, nguvu yake ya saa sita mchana hupungua kwa chini ya asilimia moja. Hata mwanzoni mwa Februari, likiwa bado kusini yetu kwa nyuzi kama 10, tofauti haifiki asilimia mbili. Wingu jembamba tu linalopita hukata zaidi ya hapo. Tunaokaa ukanda huu jua tunalo karibu na utosi kwa miezi kadhaa ya mwaka, na hakuna siku tano ambazo linageuka kuwa kitu kingine.

Wapo wanaonijibu kwa mfano wa Sudan Kusini, ambako Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Lile lilikuwa wimbi la joto la kweli, tena la kutisha. Lakini Juba, mji mkuu wa nchi hiyo, iko kaskazini mwa ikweta, na jua la utosi lilikuwa bado halijaifikia. Huifikia mwanzoni mwa Aprili. Joto lile lilikuwa la hewa kavu ya mwisho wa kiangazi, ardhi isiyo na maji na mbingu isiyo na mawingu.

Sasa hizo nyuzi 40. Joto tunalolitangaza sisi wa hali ya hewa hupimwa ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vilivyoinamishwa ili upepo upite na jua lisiingie, kikiwa juu ya nyasi, kwenye kimo kisichozidi mita 2. Namba ya kwenye dashibodi ya gari lililosimama juani si joto la hewa. Ndani ya kisanduku hicho, mchana wa kawaida wa Februari Dar es Salaam husoma nyuzi 32 au 33, na ukizidi 35 huwa ni habari kubwa kwetu. Julai husoma nyuzi 3 au 4 chini ya hapo.

Mbona basi Februari tunateseka hivi? Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Ndani ya kisanduku kile kuna vipimajoto viwili pacha. Kimoja ni kikavu. Kingine kimevikwa tumboni kitambaa chepesi cha pamba ambacho utambi wake unanywa maji kutoka kichupa kidogo. Maji ya kitambaa yanapokauka huondoka na joto, kwa hiyo kipimajoto hicho husoma chini ya mwenzake. Alasiri ya Oktoba mjini Dodoma, kikavu kinaweza kusoma 32 na chenye kitambaa 20. Alasiri ya Februari Dar es Salaam, kikavu kinasoma 32 hiyohiyo, chenye kitambaa 27. Hewa ya pwani imekaribia kushiba maji. Ina nafasi ndogo ya kupokea mengine, na kitambaa hukauka polepole. Ngozi yako ndiyo hicho kitambaa. Jasho linatiririka hadi kwenye kiwiko na halikupoozi, kwa sababu kinachopoza ni jasho kukauka. Kwa jedwali la Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 mwili huzihisi kama 33. Nyuzi hizohizo zenye unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama 41, tena kivulini.

Ukishaelewa hapo, itazame ndoo. Tatizo la chumba chako ni maji mengi hewani, nawe unashauriwa uongeze maji. Dodoma ya Oktoba khanga iliyoloweshwa na kutundikwa dirishani huleta nafuu kweli, kwa kuwa hewa ni kavu. Tanga, Unguja au Kigamboni mwezi Machi haileti, na ukifunga madirisha kwa kuogopa "mionzi ya ikwinoksi" unajifungia na mvuke wako mwenyewe. Tena ndoo ina hatari mbili ambazo ujumbe hauzitaji. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo vya majumbani, na kwenye joto hili huchukua siku kama saba hadi kumi kuwa mbu kamili. Dar es Salaam tuliona mwaka 2014 na tena 2019 dengi inavyowaangusha watu. Hatari ya pili ni mtoto anayejifunza kutembea: huweza kuzama kwenye ndoo ya maji nusu iliyoachwa chumbani bila mtu. Sitalifumbia macho shauri la namna hiyo kwa sababu tu aliyelituma alikuwa na nia njema.

Mshumaa nao hauna kazi. Nta yake huyeyuka kuanzia kama nyuzi 46 kwenda juu. Ukiuweka juani utalainika siku yoyote ya kawaida, maana jua linauchoma wenyewe. Ukiuweka kivulini utabaki mzima wakati mzee wa chumba cha pili amezidiwa na joto. Kinachoudhi ni kwamba ndani ya ujumbe mna mambo mawili ya kweli, kunywa maji na kukwepa jua la mchana, na hayo ndiyo yanayoupitisha uongo uliobaki.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: upepo unatoka wapi, na hewa ina maji kiasi gani? Mvua za vuli hutufikia kati ya Oktoba na Desemba ukanda mvua, yaani eneo ambako pepo za kaskazini na kusini hukutana na kuleta mvua, unapotupitia kwenda kusini. Mvua ya radi hushusha joto kwa saa moja au mbili, watu wakadhani limekwisha. Kesho yake jua linatoka juu ya ardhi iliyolowa na madimbwi, maji yanarudi hewani, na mawingu ya usiku yanazuia joto la mchana lisiondoke. Januari ukanda mvua unakuwa upande wa Mbeya, Ruvuma na Mtwara, na huku kwetu inabaki kaskazi. Ikivuma vizuri tunapumua. Machi inalegea, bahari nayo inakaribia joto lake la juu la mwaka, kati ya nyuzi 28 na 30, na hewa inasimama.

Vimbunga vya Bahari ya Hindi navyo hubadili mkondo mzima. Machi 2019 kimbunga Idai kilipokuwa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, kabla ya kuipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15, kilivuta kwake unyevu ambao ungetuletea masika. Beira ikafurika, Kenya na kaskazini mwa Tanzania zikapata Machi kavu yenye joto, na masika yakachelewa. Ikitangazwa dhoruba Msumbiji nawe uko Tanga, usidhani haikuhusu. Hiyo ndiyo habari ya joto lako la wiki ijayo.

La kufanya ni fupi. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na ujue ngazi zake: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kazi nzito, zege na shamba, zianze alfajiri na zisimame saa tano. Kunywa maji kabla ya kiu. Aliyetoka jasho siku nzima achanganye na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Fungua madirisha pande mbili usiku, na weka chandarua. Feni inasaidia pwani, maana inasukuma hewa iliyoshiba maji iondoke kwenye ngozi. Bati lililopakwa rangi nyeupe hupunguza joto la chumba. Umeme ukikatika baada ya dhoruba, nenda kamtazame mzee anayeishi peke yake. Usimwache mtoto ndani ya gari hata kwa dakika chache.

Na mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba au akaanguka huku mwili wake ukiwaka moto, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mwagieni maji mwili mzima na mumpepee bila kukoma mpaka mfike hospitali. Akiwa hajitambui, msimnyweshe kitu.