Ukijani ndani ya maji: utautambuaje?

Leo tunaongea juu ya ule ukijani unaouona ndani ya dumu, kwenye tangi au bwawani.

Wengi tunasema ni uchafu tu, kumbe ni viumbe hai vidogo mno. Mara nyingi ni mwani wa kijani, unaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama jani la muhogo. Ndiyo maana dumu jeupe lililoachwa juani hugeuka kijani upesi.

Wataalamu huutambua kwa hadubini. Klorela ni kama punje ya mviringo. Senedesmasi ni seli nne au nane zilizopangwa bega kwa bega. Spirogira ni uzi wenye utepe wa kijani uliojizungusha ndani kama springi.

Lakini kuna kiumbe mwingine anayefanana na mwani: sianobakteria. Baadhi ya aina zake hutoa sumu inayodhuru ini, na mifugo imewahi kufa kwa kunywa maji yake.

Wewe huna hadubini, ila kijiti na chupa unavyo. Usiyaguse maji hayo kwa mkono mtupu. Kwanza, chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, yaelekea ni mwani wa kijani. Kikitoka kama kimechovywa kwenye rangi ya kupaka, shuku sianobakteria. Pili, jaza maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache hadi kesho yake bila kuitikisa. Ukijani ukipanda juu na kufanya utando, hiyo ni dalili mbaya. Ukizama chini, yaelekea ni mwani.

Majaribio haya hayamalizi shaka yote. Ukishuku, usinywe, usimpe mtoto wala mbuzi. Waarifu kamati ya maji. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Na ukiwa ni mwani wa kijani ndani ya dumu? Nayo usiyanywe hivyo hivyo, maana mwani hupunguza nguvu ya dawa ya klorini. Mwaga maji, tia kokoto, sabuni na maji kidogo, funga, tikisa sana, suuza. Kisha weka dumu kivulini, na mfuniko juu.

Mwambie na jirani asiye na redio. Tukutane kipindi kijacho.